Bahasha Peke Yake Haitoshi

Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya vijana waliomaliza shule na vyuo, mjini Morogoro. Mzungumzaji ni muuguzi anayehudumia vijana kwenye kituo cha afya. Tumeyachapa karibu kama alivyoyasema, pamoja na maswali mawili yaliyoulizwa mwishoni.

Hamjambo vijana? Hamjambo tena, maana wale wa nyuma sijawasikia. Haya, sasa nimewasikia.

Najua mnashangaa. Mmeitwa kwenye kikao cha afya, mimi ni muuguzi, halafu mwenyekiti wenu anasema nitazungumza juu ya kutafuta kazi. Wengine mlidhani nimekuja na picha za magonjwa. (Vicheko.) Leo picha sikuleta. Nimekuja na bahasha ya kaki tu, hii hapa. Nani hana bahasha kama hii nyumbani? Mnaona? Hakuna aliyenyoosha mkono.

Sababu ya kuzungumza habari za kazi ni hii. Pale kituoni tuna chumba cha vijana. Anakuja kijana, anasema, "Dada nesi, kichwa kinauma." Tunapima malaria, hakuna. Tunapima presha, nzuri. Anarudi wiki ya pili: hapati usingizi. Wiki ya tatu: tumbo linawaka moto. Ukikaa naye ukamwuliza taratibu, mwisho anasema neno moja: kazi. Ametembeza bahasha mwaka mzima, amechoka, nyumbani wanamwangalia kwa jicho la pembeni, na ameanza kujiona si mtu. Huo nao ni ugonjwa, jamani, na dawa yake haiko kwenye kabati langu.

Halafu wako wanaokuja na jambo zito zaidi. Nitamtaja mmoja baadaye. Amenipa ruhusa niseme, na mambo mengine nimeyabadilisha ili asijulikane.

Kwanza tuhesabu

Nataka kila mmoja atoke hapa akijua kwamba kukosa kazi si dalili ya ujinga wala si kurogwa. Tuangalie hesabu.

Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70. Walioitwa kwenye usaili walikuwa zaidi ya 10,000. Walijaza viti vya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kama wamekwenda kuangalia Simba na Yanga. Gawanya: kila nafasi moja, watu zaidi ya 140.

Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596. Walioomba walizidi 135,000, yaani kila nafasi ilikuwa na watu kama 85. Mwaka huohuo, usaili wa walimu ulikuwa na waombaji zaidi ya 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000. Walimu! Wakati kwa miaka mingi mwalimu alikuwa akimaliza chuo anasubiri tu kusoma jina lake na kituo alichopangiwa.

Sasa mzee wako nyumbani anakwambia, "Sisi wakati wetu mtu akimaliza darasa la 12 kazi inamfuata." Hadanganyi. Wakati wake waliosoma walikuwa wachache. Mpaka 1984, mwaka ambao chuo kikuu chetu cha Sokoine kilianzishwa hapa Morogoro, Bara kulikuwa na chuo kikuu kimoja tu, cha Dar es Salaam. Halafu miaka ya 90 viwanda na mashirika yakapunguza watu. Baba yangu mwenyewe alipunguzwa kazi kiwandani, akarudi nyumbani na cheti cha utumishi mwema na baiskeli. Baadaye zikaja shule za kata, vyuo vikaongezeka, waliosoma wakawa wengi. Hilo ni jambo jema. Lakini kazi za ofisini hazikuongezeka kwa mwendo huo.

Kwa hiyo usigombane na mzee, na usijipige mwenyewe. Foleni imekuwa ndefu. Swali ni moja tu: wewe utasimamaje kwenye foleni hiyo?

Barua zangu themanini

Mimi nilimaliza diploma ya uuguzi mwaka 2016. Mnakumbuka mwaka ule? Mwezi wa 6 serikali ilisimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa. Sisi tuliozoea kusikia kwamba muuguzi hakosi kazi, tukabaki na vyeti mkononi.

Nikasema siwezi kukaa. Nikaandika barua moja, nikaitoa nakala themanini. Unaijua barua ile, hata wewe umeiandika: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania, mwenye afya njema na akili timamu, niko tayari kufanya kazi yoyote, mahali popote, katika mazingira yoyote." (Vicheko.) Mnacheka kwa sababu mnaijua kwa kichwa. Nikapeleka hospitali za binafsi, zahanati, maduka ya dawa, hata shuleni. Kimya.

Siku moja nikapita kwenye zahanati moja kuulizia. Mama wa mapokezi alikuwa na huruma, akaitoa barua yangu kwenye rundo, akasema, "Mwanangu, soma mstari wa kwanza." Nikasoma. Nilikuwa nimewaandikia wao, lakini jina la juu lilikuwa la zahanati nyingine! Nikaona aibu, nikataka ardhi ipasuke. Akaniambia, "Hapa zinakuja barua nyingi na zote zinafanana. Mkubwa akitaka mtu, hana namna ya kujua wewe ni nani."

Maneno hayo ndiyo yaliyonizindua. Nilidhani naomba kazi themanini, kumbe nilikuwa naomba kazi moja mara themanini, na naiomba vibaya. Foleni ikiwa fupi, barua kama ile inaweza kupita. Foleni ikiwa ndefu haipiti, hata ukiongeza nakala zikafika mia tatu.

Basi nitawapa mambo niliyojifunza, mengine kwa kuumia. Chukueni kalamu.

1. Kagua bahasha yako leo, si siku ya tangazo

Wengi wanaanguka kabla hawajaanza, kwa sababu ya karatasi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yanasema wazi: vyeti halisi vinatakiwa, na karatasi za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi. Kama cheti chako bado kiko shuleni kwa sababu hujakifuata, kifuate wiki hii.

Angalia majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Halima, cha kidato cha nne kinasema Halma, kitambulisho cha Taifa kina jina la babu ambalo halipo kwingine. Ukiitwa kwenye usaili ukiwa na majina tofauti, unatakiwa uwe na hati ya kiapo ya kuthibitisha jina. Usisubiri uitwe ndipo ukimbilie kwa wakili na nauli ya kukopa.

Na maombi ya serikali siku hizi yanafanywa kwenye intaneti. Kama unafunguliwa akaunti na kijana wa stesheni, sawa, lakini neno la siri liwe lako, uliandike kwenye daftari lako. Nimeona binti aliyekosa kujua kwamba ameitwa, kwa sababu akaunti ilikuwa mikononi mwa mtu aliyehama na laini ya simu aliyoiandika ilishafungwa.

Jambo jingine: usighushi. Mwaka 2017 uhakiki ulitaja watumishi 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa wametumikia miaka mingi, wana watoto shuleni, na wakaondoka. Cheti cha kununua ni deni, na siku ya kulilipa huijui.

2. Kazi moja, barua moja

Tangazo lisome mara tatu. Mara ya kwanza uone kama linakuhusu. Mara ya pili upigie mstari wanachotaka. Mara ya tatu ujiulize: hiki wanachotaka, mimi nilikifanya wapi?

Kuna kijana alikuja kituoni, namwita mdogo wangu. Ana cheti cha utunzaji wa stoo. Barua yake ilikuwa kama ile yangu, "niko tayari kufanya kazi yoyote." Nikamwuliza, sasa hivi unafanya nini? Akasema, "Sina kazi, dada. Nabangaiza tu kwenye duka la pembejeo la shangazi." Unafanya nini pale? "Napokea mbolea na mbegu, naandika kwenye daftari, mwisho wa mwezi tunahesabu." Nikamwambia, mbona hiyo ndiyo kazi yenyewe!

Tukaketi tukaandika upya: "Naomba nafasi ya msaidizi wa stoo mliyoitangaza. Kwa miezi 14 nimetunza daftari la kuingiza na kutoa mali kwenye duka la pembejeo. Kila mwisho wa mwezi nahesabu mali na kulinganisha na daftari, na ikipungua natafuta sababu. Mwenye duka yuko tayari kuulizwa habari zangu." Mistari minne. Hakuna mahali aliposema ana akili timamu, lakini ukiisoma unaona anazo. (Vicheko.)

Hakupata kazi ile. Nasema kweli. Lakini aliitwa kwenye usaili, mara ya kwanza baada ya mwaka mmoja na nusu. Akaitwa tena kwingine. Mara ya tatu akapata, stoo ya vifaa vya ujenzi. Kwa hiyo ukiandika upya usitegemee muujiza kesho yake. Unachopata ni kutolewa kwenye rundo na kusomwa.

3. Waambie watu unachoweza, usiwaambie tu kwamba huna kazi

Kazi nyingi za watu binafsi hazifiki gazetini. Mwenye karakana anamwuliza fundi wake, "Hujui kijana mwaminifu?" Imeisha.

Wengine mtasema, "Hiyo si ndiyo kujuana? Si ndiyo vimemo?" Hapana. Kimemo ni kumwambia mkubwa, "Mpe huyu kwa sababu ni mtoto wa fulani." Mimi nasema watu wajue kazi ya mikono yako. Ukikutana na mwalimu wako wa zamani, usiseme, "Mwalimu, maisha magumu, nisaidie." Atakupa pole na nauli. Mwambie, "Mwalimu, najua kutengeneza friji, juzi nimetengeneza ya duka la pale kona. Ukisikia mtu ana shida ya friji, nitaje." Hapo umempa kitu cha kusema.

Na wewe ambaye ujuzi wako umeupata mtaani, useremala, upishi, ufundi magari, bila kukaa darasani, usidharau. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: unapimwa kwa unachoweza, unasaidiwa penye upungufu, unapata cheti. Nenda ukaulize masharti na gharama pale chuoni kwao.

4. Kujitolea kuwe na mwanzo na mwisho

Mimi mlango wangu ulikuwa kujitolea. Nilikwenda kituo cha afya, nikaomba. Lakini mwezi wa kwanza nilifanya kosa: sikuuliza chochote. Nikawa naamka saa 11, natembea saa nzima, nafanya zamu mbili, nakunywa uji wa wagonjwa. Nikakonda mpaka mama akaniuliza kama nimepima.

Ndipo nikajifunza kuuliza mapema. Nitajitolea kwa muda gani? Siku ngapi kwa wiki? Nitafanya kazi gani, na nani atanifundisha? Kuna nauli au chakula? Nikimaliza mtanipa barua inayosema nilifanya nini? Anayekutaka kwa wema atayajibu. Anayekasirika kwa maswali hayo anataka mtumishi wa bure. Ukiona miezi inapita hujifunzi kipya, na barua hawatoi, shukuru kwa heshima, ondoka.

5. Usaili ni mtihani, na mwili nao unafanya mtihani

Usaili wa serikali mara nyingi una hatua: mchujo wa kuandika, wakati mwingine vitendo, halafu mahojiano ya ana kwa ana. Kila hatua inatoa watu. Basi soma. Rudia madaftari ya chuo. Soma kazi za taasisi unayoiomba. Jaribuni wenyewe kwa wenyewe: mmoja awe mwajiri, mwingine msailiwa, mwingine asikilize. Mtacheka siku ya kwanza. Siku ya nne mtaona ulimi umefunguka.

Halafu nauli. Ukiitwa, unajigharamia usafiri, chakula na malazi. Kwa hiyo unapoomba, anza kuweka akiba siku hiyohiyo, hata kama ni elfu moja moja. Fika siku moja kabla, lala kwa ndugu au mahali salama. Kula chakula cha kawaida. Usikeshe ukisoma. Msailiwa aliyelala vizuri anakumbuka nusu ya aliyosoma. Aliyekesha anakumbuka jina lake tu. (Vicheko.)

Sasa tusikilizane vizuri

Hapa naomba utulivu.

Yule binti niliyesema. Ana miaka 22. Ametafuta kazi miaka miwili. Akapigiwa simu na mtu aliyesema ni mkubwa wa ofisi fulani, kuna nafasi ya mapokezi, maombi yake ameyaona. Akaambiwa aje kwenye usaili, saa 1 usiku, nyumba ya wageni, "kwa sababu ofisini kuna wivu." Alisita. Lakini alikuwa amehesabu miezi yote ile, na mdogo wake amerudishwa ada. Akaenda. Yule mtu akamwambia wazi: nafasi ni moja, wanaotaka ni wengi, wewe utaongeza nini?

Mnaelewa alichoongeza. Na hakutumia kinga.

Alikuja kwangu siku ya pili yake, mchana. Aliongea akiangalia chini. Nikamwambia kitu kimoja kwanza: aibu hii si yako. Halafu tukafanya kazi, maana muda ulikuwa unakwenda. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa unayowahi ni bora. Akaanza. Siku 28, kila siku, na kichefuchefu. Akapata pia vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Hivyo mwisho wake ni siku 5, na kuwahi ni bora. Akamaliza dawa. Akapima, akapima tena. Yuko salama.

Kazi? Namba ile haikupatikana tena. Nafasi yenyewe haijulikani kama ilikuwepo.

Nawaambia habari hii kwa sababu foleni ndefu inazaa wezi. Mtu anajua una njaa, anajua umechoka, ndiyo biashara yake. Anayetaka pesa atasema ni ada ya fomu, ya mafunzo, ya sare. Anayetaka mwili atasema uje usiku. Na kaka zangu msijidanganye kwamba ni mambo ya wasichana tu. Wavulana nao wanaombwa, na wao hawasemi kabisa.

Shikeni haya:

- Usaili wa kweli hufanyika mahali pa kazi au mahali pa wazi, mchana, na si chumbani.
- Kabla ya kwenda, piga simu au pita kwenye ofisi yenyewe, uliza kama nafasi ipo.
- Mwambie mtu mmoja unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Ikiwezekana mwende wawili, mmoja asubiri nje.
- Hutakiwi kulipa ili uajiriwe. Ukisikia "tuma kwa namba hii", acha.
- Mwenye mamlaka akidai ngono ili akupe kazi, yeye ndiye mhalifu. Ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hifadhi ujumbe wake, usiufute. TAKUKURU wana namba 113, ni bure. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.
- Ikiwa limeshatokea, usijifungie ndani. Njoo kituoni. Ndani ya saa 72.

Wakati wa kusubiri

La mwisho. Kutafuta kazi kunaweza kuchukua mwaka au miaka. Usiishi kama mtu aliyesimama kituo cha basi. Jipangie saa: asubuhi saa mbili au tatu za kutafuta kazi, kusoma matangazo, kuandika, kwenda kuulizia. Baada ya hapo funga bahasha. Fanya kitu cha mikono, bustani, kuku, maandazi, kusaidia dukani. Pesa ni kidogo, lakini siku inakuwa na umbo, na barua yako ijayo inapata mistari.

Jihadharini na vitu viwili vinavyosema vitakupunguzia mawazo: pombe na kubeti. Vyote vinachukua nauli ya usaili. Na ukiona usiku mawazo yanakwambia bora nisiwepo, usilale nayo peke yako. Mwambie mtu nyumbani, njoo kituoni, gonga mlango. Sitakuuliza kwa nini huna kazi.

Ahsanteni. Maswali?

MASWALI KUTOKA UKUMBINI

*Mvulana:* Dada, samahani. Wewe unasema haya kwa sababu tayari una kazi. Mimi hata bando la kuingia kwenye hiyo akaunti sina. Barua nzuri itanisaidia nini kama watu ni 85 kwa nafasi moja?

Ahsante kwa kusema wazi. Ni kweli, mimi nina kazi. Niliingia mwaka 2019, baada ya miaka mitatu, na kuna wenzangu niliosoma nao, wazuri kuniliko, bado hawajapata. Sitakudanganya kwamba barua nzuri inatengeneza nafasi. Haitengenezi. Watu 85 ni 85, na hilo viongozi wetu lazima waulizwe, na nyinyi ndio wa kuwauliza. Lakini kati ya hao 85, wako waliosahau cheti, walioandika jina la ofisi nyingine kama mimi, wasiosoma tangazo, walioshindwa kufika. Hao usiwe mmoja wao. Habari ya bando: mko hapa karibu arobaini. Hamwezi kuchanga mia mbili mia mbili kwa wiki, mkawa na simu moja ya kikundi ya kuangalia matangazo, anayeona tangazo la mwenzake amwambie? Mshindani wako mwambie matangazo. Kesho yeye atakwambia.

*Msichana:* Yule binti alimshitaki yule mtu?

Hapana. Nilimweleza haki yake, nikamwambia nitafuatana naye. Alisema hajawa tayari, na sikumlazimisha. Lakini ujumbe wa simu ameuhifadhi. Wiki iliyopita alikuja kituoni, si kwa ugonjwa. Alikuja na barua ya kuomba kazi kwenye duka la vitambaa, anataka niisome. Kazi hiyo bado hajapata. Barua ilikuwa na mistari mitano, na jina la duka lilikuwa sahihi. Chini alikuwa ameandika: "Niko tayari kuja kwenye usaili siku yoyote, saa za kazi, hapo dukani."

Nilimwambia asibadilishe hata neno moja.